Sindano Yangu na Watu Waliosema Hawajambo

Wanangu mnaosomea kazi za maabara, mkuu wenu wa chuo amenitaka niwaandikie kurasa chache za hekima. Nilimwambia hekima sina, nilichonacho ni makosa, tena mengi ya kutosha darasa zima na watakaorudia mwaka. Akasema basi leta makosa. Haya, nayaleta, na mkicheka mcheke vizuri, maana mengine nililia nilipoyafanya.

Mimi ni Bi Mwanakombo wa Mtopanga, na kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu damu. Nimechoma mikono ya makuli, ya mabibi harusi, ya masheikh na ya wanasiasa, na katika hao wote wanaopiga kelele zaidi ni wanasiasa. Hadi leo nikikaa na mtu humtazama mkono kabla sijamtazama uso. Mkinikuta nimemkodolea mkono kijana wa watu pale sokoni Kongowea, msinisingizie mambo. Naangalia mshipa.

Aliyenifunza ni Mzee Charo, mkuu wa maabara yetu, Mgiriama mwenye vidole virefu na subira fupi. Siku yangu ya kwanza nilimtoboa mgonjwa mara nne na damu haikuja. Mzee Charo akanishika kiwiko, akasema, "Mwanakombo, funga macho. Mshipa hautafutwi kwa macho, watafutwa kwa kidole. Ukiubonyeza nao ukarudi, ndio huo." Nikafunga macho. Mgonjwa aliponiona nimefumba macho na sindano i mkononi, alitoka mbio na mpira wetu wa kukazia mshipa ukiwa bado umefungwa mkononi mwake, na hatukumwona tena yeye wala mpira. Siku hizi nasikia mna taa maalumu ya kumulika mishipa. Mungu awabariki. Stima ikipotea, na Mtopanga mwapajua, kidole mnacho.

Mengine ya kazi niyaseme haraka. Msiufunge ule mpira kwa zaidi ya dakika moja. Chupa ya damu msiitikise kama dawa ya kikohozi, igeuzeni polepole. Na jina liandikeni palepale mbele ya mgonjwa, damu ikishaingia. Mimi niliwahi kuandika majina ya watu watatu mapema ili niwahi kwenda nyumbani, na matokeo yake babu mmoja aliyepita miaka sabini akaambiwa ni mjamzito. Yeye hakukasirika hata kidogo, ila mkewe alitaka kujua ni wa nani.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika.

Miaka michache kabla sijastaafu alitujia daktari wa utafiti. Nitamwita Daktari Mwerevu, kwa sababu alikuwa mwerevu kweli, na jina lake halisi halinihusu kulitangaza. Alitafuta watu waliojaribu kujiua wakanusurika. Alitaka kujua kama ndani ya damu yao, na katika hulka walizozaliwa nazo, kuna alama inayowatofautisha na sisi wengine, ili siku moja mtu aweze kusaidiwa kabla hajafika huko. Swali lenyewe lilikuwa la haki na hata leo silicheki. Ninaowacheka ni sisi tulioajiriwa kulijibu.

Kazi ilikuwa na mafungu mawili. La kwanza ni damu ya asubuhi, ipimwe kortisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa na wasiwasi, pamoja na vitu vingine vilivyosafirishwa ndani ya boksi la barafu. La pili ni fomu ya hulka: mtu huyu ni mpole au mkali, mwoga au jasiri, ana subira au ana pupa. Kabla ya kuanza tulipelekwa hoteli moja ya ufukweni, tukafunzwa huruma kwa siku mbili. Siku ya pili huruma ilikatizwa mapema kwa sababu ya chakula cha mchana.

Shida ya kwanza ilikuwa kupata wazima. Damu ya mgonjwa haikwambii kitu mpaka uwe na ya mtu mzima wa kumlinganisha naye, na Daktari Mwerevu alitaka watu ambao nyoyo zao hazijapata kuwasumbua. Nikaanza na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Wamtaka mtu asiyepata kusumbuka moyo?"

"Naam."

"Hapa Mtopanga?"

Akaingia ndani, akafunga mlango, nikamsikia akiwahadithia wanawe na wote wakicheka. Mwishowe hiyo damu ya wazima tulijitoa wenyewe, wafanyakazi wa mradi pamoja na Daktari Mwerevu. Majibu yaliporudi, kortisoli iliyopanda kuliko ya mtu yeyote, mgonjwa kwa mzima, ilikuwa ya Daktari Mwerevu. Mzee Charo aliitazama karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mwacheni kwanza amalize ripoti," akasema.

Halafu ikaingia Ramadhani. Homoni ile ina kawaida yake: hupanda mtu anapoamka na hushuka jioni. Ghafla kwa watu wetu wa Kisauni ikawa inashuka saa ambayo ilitakiwa kuwa juu. Daktari Mwerevu alifurahi wiki nzima, akitembea maabarani kwa hatua za mtu aliyegundua aina mpya ya binadamu. Aliyemtoa kwenye furaha hiyo ni Mzee Charo, naye ni Mkristo wa kwaya. "Daktari, umewauliza watu hawa wameamka saa ngapi?" Walikuwa wameamka daku, wakala, wakaswali, wakalala tena. Mimi Mwislamu niliyekuwa nafunga siku zote hizo sikulifikiria hata kidogo. Usingizi ulikuwa umenizidi.

Msidhani lakini ni sisi pekee tuliokuwa tukitafuta alama. Kila mtaa ulikuwa na watafiti wake, tena wasiohitaji barafu. Nikimtembelea mtu Magongo au Likoni, majirani walinisubiri mlangoni na majibu. Mchungaji alisema ni pepo. Mganga alisema ni jini, na anamjua kwa jina. Mwenye nyumba alisema ni pombe, na mjomba alisema kizazi hiki ni laini, wao walikula mihogo. Mtu akiwa mkimya waliniambia, "Wakimya ndio hao." Akiwa mcheshi, "Wacheshi ndio hao." Wote walijua tangu zamani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepata kumuuliza mwenyewe.

Na fomu yetu haikuwashinda sana. Maswali yaliandikwa nchi za baridi, yakatafsiriwa na mtu ambaye nahisi hajapata kuvuka kwa feri ya Likoni. Lilikuwapo swali, "Je, wewe hukasirika unaposubiri kwenye foleni ndefu?" Dereva wetu wa mradi, mkaazi wa Likoni, ni mtu mpole ambaye hata paka humpigia hodi. Alipofika swali hilo akavua kofia, akasema, "Andika ndiyo, Bi Mwanakombo. Andika kwa wino mzito." Kwa fomu ile, Likoni nzima ni watu wa hasira.

Basi sasa kosa langu, na hili si la kucheka.

Sisi watu wa pwani tukiulizwa hali tunasema njema. Tumelelewa hivyo. Uende matangani, maiti i ndani, uulize "Hamjambo?" utajibiwa "Hatujambo, ila ndiyo tumefiwa." Kwanza unajibu salamu, unashukuru, unauliza wa nyumbani kwa mwenzio, ndipo unasema ila. Habari yenyewe huja baada ya hiyo ila, na anayekuuliza kwa adabu huisubiri. Ukurasa wa kwanza wa fomu yetu uliuliza: unajisikiaje siku hizi, unalala vizuri, moyo wako una amani? Watu wakanijibu "Alhamdulillahi," "Tuko salama," "Twamshukuru Mungu." Mimi nikaweka alama penye "vizuri sana" na kugeukia swali la pili. Mtu akivuta pumzi ili aendelee, mimi nishafika swali la tatu. Hiyo ila haikuwa na kisanduku.

Tena walikuwa na sababu ya pili ya kusema hawajambo. Wakati ule kujaribu kujiua kulihesabiwa ni kosa la jinai. Baadhi yao walizinduka kitandani wakamkuta askari ameketi pembeni anangoja wapate nafuu awachukue. Leo aje mwanamke na kalamu, awaulize kama wana mawazo yale bado, aandike chini na tarehe! Ningekuwa mimi ningemwambia nina amani kuliko malaika.

Kompyuta ilipomeza fomu zote ikatoa jibu kwamba watu wa Mombasa hii waliojaribu kujiua ndio watu watulivu kuliko wote waliopata kupimwa. Daktari Mwerevu akaanza kuandaa mhadhara kuhusu utulivu wa watu wa pwani. Akatuuliza kama kuna kitu tunachokula ambacho huenda kinatuliza damu. Mzee Charo akasema labda nazi. Alikuwa anatania, lakini nazi iliandikwa.

Tulicheka siku hiyo mpaka nikashika mbavu, na sikujua ninacheka nini. Mradi ulikuwa na mshauri mmoja tu, Sista Pendo, aliyezunguka kwa bodaboda kutoka Kisauni hadi Changamwe kukaa na watu na kuzungumza nao. Kwa kuwa hakuweza kuwafikia wote, iliamuliwa kwamba aliyeonekana ametulia kwenye fomu aondolewe kwenye orodha yake. Alama zangu ndizo zilizokuwa zikiamua Sista Pendo amtembelee nani.

Mmoja wa walioondolewa alikuwa Namba 41. Nimwite Kazungu, jina hilo amejichagulia mwenyewe, na kurasa hizi amezisoma kabla yenu. Alikuwa kuli kwenye yadi moja ya makontena, akikaa chumba kimoja Magongo, na dada yake Kadzo akikaa nyumba ya nyuma. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amejaribu kujiua, akaokolewa. Kijana mwenye heshima, mcheshi, mpenda mpira, na mshipa wake ni ule ambao hata mwanafunzi hawezi kuukosa. Nilipomsomea fomu na kumuuliza kama moyo wake una amani, akasema, "Tuko salama, mama." Tukafika swali la michezo ya hatari, kwa mfano kuteleza juu ya theluji.

"Theluji sijaiona," akasema. "Lakini mimi napanda juu ya makontena yaliyopangwa matano bila kamba. Hiyo haimo?"

Nikaitafuta. Haikuwamo. Nikaandika kwamba Kazungu si mtu wa kupenda hatari. Kompyuta ikaandika kwamba ametulia, na Sista Pendo akaambiwa asiende tena Magongo.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kumtoa damu ya mwisho. Nilimkuta amefagia chumba, nguo zote zimefuliwa na kukunjwa, naye ana furaha ambayo sikupata kumwona nayo. Nikajisemea, huyu amepona. Damu ilikuja vizuri, nikaandika namba, nikaipanga kwenye barafu. Nilipokuwa natoka akanishika mkono, akanipa redio yake.

"Chukua, Bi Mwanakombo. Kila siku wasema yako imekufa."

Kwetu zawadi hairudishwi, ni kumvunjia mtu heshima. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwombea kheri, nikaondoka. Niwaambie ukweli: nilifurahi. Nilitembea hadi stejini na boksi la damu mkono mmoja na redio kwapani, nikiwaza nitaiweka wapi jikoni. Nikaiwasha. Ilikuwa imetegwa kwenye kituo cha mpira, na mtangazaji alikuwa akisema mechi za saa tisa. Timu ya Kazungu ilikuwa inacheza siku hiyo. Nikasimama pale barabarani nikajiuliza, sasa yeye atasikilizia wapi?

Sijui nilirudi vipi. Najua kiatu kimoja kilikatika na sikusimama.

Kule hotelini tulikofunzwa huruma, walituambia jambo moja nililolipigia mstari kwenye daftari: kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulisema. Nilikuwa nimelipigia mstari, na tangu siku ile sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja bila fomu mkononi. Niliogopa. Miaka thelathini nachoma watu sindano bila kupepesa, na swali moja likanishinda.

Nikakaa kwenye kigoda chake, nikaweka boksi chini. "Kazungu mwanangu, wafikiria kujiua tena?"

Akazipanga upya zile nguo zilizokunjwa. Mimi ni mtu wa maneno, nanyi mmeshaona, lakini nilimngoja.

"Ndiyo, mama," akasema. Kisha akasema, "Siku ile ya karatasi nilitaka kukwambia. Ulikuwa na haraka."

Wanangu, nimetukanwa na wagonjwa wa kila kabila, nimepigwa teke, nimetapikiwa. Hakuna neno lililonichoma kama hilo.

Sikumhutubia. Sikumwambia ana bahati, sikumtajia Moto wa Jehanamu, sikumuuliza amekosa nini. Nilimwambia, "Haraka sina tena," na nikamsikiliza. Nilimwomba ruhusa nimwite Kadzo, akakubali. Nikampigia simu Sista Pendo, ambaye kwa mujibu wa fomu hakuwa na ruhusa ya kuja, naye akaja kabla sijamaliza kumweleza njia. Tulikaa naye sote watatu, bila kumwacha peke yake, hata akienda msalani dada yake alisimama mlangoni, na alasiri tukampeleka kwa daktari wa akili pamoja. Alilazwa, akapewa dawa, akapewa mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna wiki alirudi nyuma, na Kadzo alilia kwangu jikoni zaidi ya mara moja.

Barafu ilikuwa imeyeyuka zamani. Damu ya mwisho ya Namba 41 iliharibika, pamoja na ya watu wengine wawili. Jumatano yake nikapokea barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, ikinitaka nieleze kwa maandishi hatua nilizochukua kulinda sampuli. Nikaandika: "Hakuna. Nilikuwa na mtu."

Lakini nilikwenda mwenyewe pia kwa Daktari Mwerevu, nikafunga mlango, nikamweleza habari ya ila. Nilimwambia wale watulivu wake ni watu wenye adabu na woga, na aliyewaandika watulivu ni mimi. Akavua miwani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwa nini kortisoli yake ilikuwa juu vile. Alikuwa akiiogopa kazi ile, tena si kidogo. Ndipo akafanya jambo la kiume. Aliufuta mhadhara, nazi na vyote. Sista Pendo akaongezewa wenzake wawili, wakarudi kwa kila mtu niliyemtia alama ya "vizuri sana". Nasi tukaanza upya fomu zote, safari hii chai kwanza, salamu mpaka ziishe, kalamu ikiwa mkobani. Hata hivyo barua yangu ya onyo haikufutwa. Iko kwenye faili hadi leo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Damu ina mambo yake, na nyinyi wenye mashine nzuri kuliko zetu huenda mkaona ndani yake tusiyoyaona. Pimeni. Lakini damu haikupi haki ya kuacha kuuliza, na ukiuliza, ngoja jibu. Na wewe mmoja unayesoma hapa darasani ukiwa umefika pale alipofika Kazungu, nakuomba kama mwanangu, mwambie mtu leo. Usitafute maneno mazuri. Sema tu hujambo, ila. Akiwa na haraka, mwendee mwingine.

Mwaka jana Daktari Mwerevu alinitumia jedwali la mwisho la mradi, nione kazi yetu ilivyokamilika. Nililifungua nyumbani Jumapili mchana. Mbele ya Namba 41, kwa kuwa damu ya mwisho haikupatikana, waliandika: "Mshiriki amepotea." Kazungu alikuwa mezani kwangu na sahani ya pili ya wali, akinilaumu kwamba samaki amezidi chumvi. Nikamsomea. Akatafuna, akameza, akanywa maji.

"Waambie niko hapa," akasema, akavuta bakuli la samaki upande wake.